Mlima ni Kushuka: Kuchagua na Kutumia Fimbo za Kupandia Mlima

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya kikundi chetu cha wapanda milima, katika ukumbi mmoja wa Upanga, Dar es Salaam. Wengi mliokuwa kazini au safarini mmeomba kuyapata. Nayaweka hapa yote, isipokuwa picha za ukutani, ambazo nimezieleza kwa maneno pale ilipobidi.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Ahsanteni sana kwa kuitika. Najua Jumamosi ya Dar es Salaam ina mambo yake: kuna misiba, kuna vikao vya harusi, kuna watoto wa kupeleka tuisheni. Kuacha yote hayo ukaja kusikiliza habari za fimbo, ni heshima kubwa mliyonipa.

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya fimbo za kupandia mlima, zile zinazorefushwa na kufupishwa. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Kazi yangu ni mazoezi tiba; kutwa nzima nashika magoti ya watu. Na kila msimu wa kiangazi, watu wanaporudi kutoka Kilimanjaro, najua nitakaowapokea. Wanaingia na picha nzuri kwenye simu: wamesimama chini ya ubao wa kilele cha Uhuru, mita 5,895, bendera ya taifa mkononi. Nami nafurahi nao kwa dhati. Kisha nawaomba wateremke ngazi tatu za pale kliniki, nione wanavyotembea. Hawawezi. Wanateremka kinyumenyume, wameshika ukuta.

Nawauliza: ulikuwa na fimbo? Nilikuwa nazo. Ulizitumia? Nilizitumia, tena zilinisaidia sana kupanda. Na wakati wa kushuka? Wakati wa kushuka nilizifunga kwenye begi, si nilikuwa nimeshamaliza?

Ndugu zangu, ulikuwa umemaliza nini?

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Sote tunaujua msemo huo, lakini tukifika mlimani tunausahau. Tunafanya mazoezi ya kupanda, tunanunua nguo za kupandia, tunaulizana umefika wapi. Hakuna anayeuliza umeshukaje. Hebu tuhesabu pamoja. Anayepanda kwa njia ya Machame au Lemosho anaondoka kambi ya Barafu usiku wa manane, anafika Uhuru asubuhi, halafu siku hiyo hiyo anashuka mpaka kambi ya Mweka, kwenye kama mita 3,100. Hizo ni karibu mita 2,800 za kushuka, kwa miguu iliyokesha. Aliyepanda kwa Marangu anapita Gilman's Point, anateremka changarawe mpaka kambi ya Kibo, kisha anakwenda kulala Horombo, mita 3,720. Huyo naye ameshuka zaidi ya mita 2,100 kwa siku moja. Kesho yake wote wawili wanaendelea kushuka mpaka getini.

Sasa mtu huyo ametoka wapi? Ametoka Sinza. Ametoka Mbagala. Ametoka kwetu hapa, usawa wa bahari, ambako unaweza kutembea kuanzia Posta mpaka Mwenge usikutane na mteremko hata mmoja wa kukushtua paja. Mapafu anaweza kuyafanyia mazoezi ufukweni Coco. Goti la kushukia hawezi kulipata ufukweni.

Ngoja nieleze kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji tena kushawishiwa. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja unajikunja na kukuinua. Ni kazi ngumu, lakini msuli umeumbiwa kazi hiyo. Unaposhuka, msuli ule ule unavutwa huku umekaza, kwa sababu lazima uzuie uzito wako usiporomoke. Basi linaloshuka Kitonga haliumizwi na injini, linaumizwa na breki. Na paja lako ndiyo breki. Msuli unaovutwa huku umekaza hupata michubuko midogo midogo ndani yake, ndiyo maana maumivu makali huja siku ya pili. Hapo hapo, kile kifupa cha mbele ya goti kinakandamizwa kwenye mfupa wa paja kila unapotua. Hatua moja, nyingine, nyingine, mpaka jioni.

Mwaka 1999 watafiti wa Salzburg, Austria, walichapisha vipimo vya watu walioshuka mteremko mkali, mara bila fimbo, mara wakiwa na fimbo mbili. Kwa fimbo, nguvu inayolielemea goti ilipungua kwa asilimia kati ya 12 na 25. Mtaniambia asilimia 12 ni kitu gani? Katika hatua moja, si kitu. Katika maelfu ya hatua za kutoka kileleni mpaka Mweka, ni tofauti ya mtu anayefika kambini akala chakula na mtu anayefika akalala na viatu.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Temeke, aliyenipa ruhusa ya kumsimulia bila kumtaja. Alikuja kwangu na goti lililomsumbua miaka mingi, akaniambia binti yake anataka wapande pamoja. Daktari wa mifupa alikuwa ameshampima na kumruhusu. Tukaanza na ngazi za ghorofa, kushuka tu: anapanda kwa lifti, anateremka kwa miguu. Wiki zilivyokwenda tukaenda vilima vya Pugu na Kisarawe, fimbo mbili mikononi, tukirudia mteremko ule ule mpaka mikono yake ikajua kutangulia bila kuambiwa. Mlimani, binti alinieleza baadaye, vijana wengi waliwapita wakati wa kushuka, wengine wakikimbia juu ya changarawe na kufurahi. Mama akaenda mwendo wake: fimbo, mguu, fimbo, mguu. Asubuhi ya siku ya mwisho, katika zile ngazi za mizizi na matope za msituni juu ya geti la Mweka, aliwapita wale vijana mmoja mmoja. Na goti lile bado anatembelea.

Kabla sijaendelea, nisieleweke vibaya. Fimbo haikuongezei oksijeni. Haizuii maradhi ya mwinuko. Kichwa kikiuma sana, ukitapika, ukianza kuyumba, au ukikosa pumzi hata ukiwa umekaa, dawa ni kushuka, na mwongozaji wako akisema shuka, unashuka. Tena fimbo haifanyi kazi bure: mikono inafanya kazi ambayo miguu imepunguziwa, kwa hiyo mikono nayo ifanyiwe mazoezi.

Sasa tuje dukani.

Watu wananiuliza: ninunue ya alumini au ya kaboni? Mpini wa mpira au wa sponji? Rangi gani? Nami nauliza: loki yake ikoje? Wananiangalia. Narudia: loki yake ikoje? Fimbo ya kurefusha na kufupisha ni mabomba mawili au matatu, moja ndani ya lingine, yameshikiliwa na loki tu. Siku loki ikiachia, mkononi una bomba linaloingia ndani ya bomba jingine, na wewe unalifuata.

Loki ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuzungusha: unalizungusha bomba, kifaa cha plastiki kilicho ndani kinatanuka na kubana. Kwa nje fimbo inaonekana nyororo, nzuri. Ya pili ni ya klipu: kuna mkono mdogo nje ya bomba, unaufungua, unavuta kipande, unaufunga kwa dole gumba. Ya kuzungusha si mbaya kwa kila hali, na zipo zilizotengenezwa vizuri. Lakini ndani huwezi kuona. Matope yakiingia, maji yakiingia, plastiki ikilika, hujui mpaka siku umeiegemea. Na usiku wa kwenda kileleni, baridi iko chini ya sifuri, umevaa glavu nene, unazungusha kitu kinachoteleza: unajuaje kama kimebana? Ya klipu unaiona kwa macho. Imefungwa au haijafungwa. Ikilegea, ina skrubu ndogo. Unaikaza robo mzunguko kwa bisibisi au hata kwa sarafu, basi. Mimi, kama mnataka neno langu bila kuzunguka, nawaambia nunueni ya klipu, na klipu yenyewe iwe ya chuma kama pesa inaruhusu.

Siku moja tulikuwa milima ya Uluguru, Morogoro, njia ya kutoka Morningside kwenda kilele cha Bondwa. Mnaijua ile njia mvua inaponyesha: udongo mwekundu unateleza kama hauna mwenyewe. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa na fimbo mpya, za kuzungusha, alizoagiza kwa picha. Kupanda hazikuwa na tatizo, maana wakati wa kupanda uzito mwingi uko miguuni. Tulipogeuka kushuka, akaegemea ya kulia ili avuke mzizi, ikaingia ndani yote. Alianguka ubavu. Mungu alimsaidia, palikuwa na kichaka cha kumpokea, akatoka na michubuko. Tulipoifungua ile fimbo, plastiki ya ndani ilikuwa imejaa udongo na upande mmoja imesagika. Fimbo haikuwa imevunjika popote. Ilikuwa imeachia tu.

Kwa hiyo, unapokwenda kununua, Kariakoo, au Karume kwenye mitumba ukibahatika kuzikuta, au zikiletwa nyumbani na bodaboda, usimlipe muuzaji kabla ya jambo moja. Irefushe fimbo, ifunge, isimamishe, weka viganja vyote viwili juu ya mpini, uiegemee kwa uzito wa mwili. Si kuigusa. Iegemee! Ikiingia hata sentimita moja, kaza, jaribu tena. Ikiingia mara ya pili, mrudishie kwa heshima na uende duka la pili. Za mitumba zina jambo la ziada: angalia kama zote mbili ni ndugu, maana mara nyingi unauziwa mbili ambazo loki zake hazifanani, na vipuri vyake hutavipata. Wanaokodi Moshi au Arusha, jaribio ni hilo hilo, na lifanyike pale pale dukani, wala si getini asubuhi gari linawasubiri.

Kila fimbo nzuri pia ina alama ya mwisho wa kurefusha iliyochorwa kwenye bomba. Usiipite. Ukiipita, kipande cha ndani kinabaki kimeshikwa na sehemu fupi mno, na hapo ndipo mabomba yanapopinda.

Nimeahidi habari ya alumini na kaboni. Kaboni ni nyepesi, mkono unaifurahia, na bei yake ni kubwa. Ikibanwa ubavuni, kwa mfano ncha imenasa kati ya mawe mawili nawe unaendelea kwenda, inavunjika ghafla, vipande viwili. Alumini ikibanwa vile vile hupinda, na iliyopinda kidogo bado unaweza kushukia nayo. Kwa mtu wa kwetu anayenunua jozi moja akitaka imfikishe Meru, Uluguru, Usambara na Kilimanjaro, kisha aiazime kwa shemeji, mimi nasema alumini. Jozi nyingi ziko kati ya gramu 400 na 600. Tofauti iliyobaki hutaihisi kama utakavyohisi loki mbovu.

Mpini: sponji na koki, lile gome laini la vizibo vya chupa, hunyonya jasho, mpira hutoa malengelenge wakati wa joto. Ukipata wenye sponji ndefu inayoshuka chini ya mpini, chukua. Nitasema kwa nini. Springi ya ndani ya kupunguza mshtuko, kwangu haina ulazima, inaongeza uzito na ni kitu kingine cha kuharibika. Zile zinazokunjwa vipande vitatu kwa kamba ya ndani ni fupi sana begini, lakini ulizeni kama zinarefushwa, maana nyingine zina urefu mmoja tu. Na ya urefu mmoja, wapendwa, inatupeleka kwenye jambo ninaloliona ndilo kiini.

Kwa nini tunalipia fimbo inayorefuka? Ili iingie kwenye begi? Ndiyo, hilo lipo. Ili baba wa sentimita 180 na mtoto wake wa sentimita 150 watumie jozi moja kwa zamu? Hilo nalo lipo, na kwa familia ni jambo kubwa. Lakini sababu yenyewe ni kwamba mlima haukai sawa.

Siku ile ile ya Bondwa, asubuhi tukipanda, tulikutana na babu wa Kiluguru akitoka shambani. Mkononi ana fimbo ya mti, ndefu inamfika kidevuni, imepakwa rangi na mikono yenyewe. Tukamsalimu, shikamoo babu, akatuitikia, tukaongozana naye kidogo. Mimi macho yangu yako kwenye mikono yake. Njia ilipoinuka, mkono wake uliteleza ukashika fimbo katikati. Njia ilipolala, mkono ukapanda. Tulipofika kwenye korongo dogo la kuteremka, akaishika juu kabisa, karibu na mwisho wake wa juu, akaitanguliza chini, akaijaribu ardhi, ndipo akaweka mguu. Hakusimama kufikiri. Nikamuuliza nani alimfundisha, akashangaa swali lenyewe. Akasema mteremko ukiwa mrefu mkono unaomba fimbo ndefu. Wale vijana wetu wenye fimbo za kisasa, za kurefusha na kufupisha, walikuwa wamezifunga kwenye urefu mmoja tangu Morogoro mjini na hawakuzigusa tena.

Fimbo za kurefuka, hazikurefushwa! Sasa zilinunuliwa za nini?

Simameni kidogo, wote mnaoweza. Nyoosheni migongo. Mkono mmoja mkunje kiwiko kiwe kona sawa, kigasha kilale sambamba na sakafu. Hapo, kutoka kiganjani mpaka sakafuni, ndipo urefu wako wa mahali tambarare. Wanaopenda hesabu: zidisha urefu wako kwa 0.68. Mtu wa sentimita 160 ataangukia karibu 110, wa 170 karibu 115, wa 180 karibu 122. Pima ukiwa umevaa viatu vya mlimani, kwa sababu soli ni nene. Haya, kaeni, ahsanteni.

Urefu huo ndio mwanzo wako. Njia ikianza kupanda kweli, fupisha sentimita 5 mpaka 10. Usipofupisha, mabega yanainuka mpaka masikioni, na jioni utalalamikia shingo. Njia ikianza kushuka kweli, refusha sentimita 5 mpaka 10 juu ya urefu wa tambarare. Hapa ndipo ninapowaomba, wazee kwa vijana: refusha! Fimbo fupi kwenye mteremko inakulazimisha uiname kuifuata chini, uzito unakwenda mbele ya vidole, na ndivyo watu wanavyoanguka kifudifudi. Fimbo ndefu inakuacha wima. Inafika chini kabla yako, inaipokea hatua yako.

Njia ikipita ubavuni mwa mlima, upande mmoja juu na mwingine bonde, fimbo ya upande wa juu iwe fupi na ya bondeni ndefu. Na kama kipande cha kupanda ni cha dakika mbili tu, huna haja ya kusimama kufungua klipu. Ndiyo kazi ya ile sponji ndefu chini ya mpini. Unateremsha mkono, kama babu yule. Andikeni namba zenu tatu, ya tambarare, ya kupanda na ya kushuka, kwa kalamu ya kudumu kwenye bomba lenyewe. Saa kumi alfajiri, juu ya mita 5,000, ubongo hauna hamu ya hesabu.

Mwendo wenyewe hauna siri. Mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mkono wa kushoto na mguu wa kulia, kama unavyotembea kila siku kwenda kituoni. Tambarare na kwenye kupanda, ncha itue usawa wa kisigino cha mguu wa mbele au nyuma yake, fimbo imelala kurudi nyuma, nawe unaisukuma. Ukiitua mbali mbele wakati wa kupanda, unajizuia mwenyewe. Kwenye kushuka ni kinyume: fimbo kwanza, chini mbele yako, kisha mguu. Penye kidato kirefu, zote mbili zitangulie pamoja, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Pole pole, kama waongozaji wanavyotuimbia wakati wa kupanda. Iimbeni tena wakati wa kushuka.

Mkanda wa mkononi ndipo karibu kila mtu anapokosea, na nimeona matokeo yake kliniki. Ingiza mkono kutoka chini, upande juu kupitia mkanda, kisha ushike mkanda pamoja na mpini, mkanda upite kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Hapo uzito unakaa kwenye mkanda na vidole vinapumzika. Dada mmoja alizoea kuingiza mkono kutoka juu kama anavyovaa bangili. Alipoteleza, mpini ulibaki umekwama kwenye kiganja, akauangukia, kano ya dole gumba ikachanika. Mlima ulikwisha kwa siku moja. Dole gumba lilichukua miezi, na kazi yake ni ya ushonaji.

Tena kuna mahali ambapo mkono hautakiwi kuwa ndani ya mkanda kabisa. Kwenye mawe makubwa ambamo ncha inaweza kunasa, toa mkono. Ukivuka mto wenye nguvu, toa mkono, na ufungue mkanda wa kiunoni wa begi, ili ukianguka uachane na vyote viwili. Na kuna mahali ambapo fimbo zenyewe hazitakiwi. Ukuta wa Barranco ni mwamba wa kama mita 250, na njia za Machame, Lemosho na Umbwe zote zinaupita. Pale unahitaji viganja vyako. Fupisha fimbo mpaka mwisho, zifunge ubavuni mwa begi, ncha zikitazama chini na zimevikwa kofia za mpira. Nimeona mtu akipanda pale na fimbo zinaning'inia mikononi, kila akishika jiwe fimbo zinampiga usoni aliye chini yake. Aliye chini yake alikuwa mpagazi mwenye mzigo kichwani. Mpagazi akakwepa, mguu mmoja hewani, akashika mwamba kwa mkono aliokuwa ameshikia mzigo. Sikilizeni, wale ni watoto wa watu, wanatubebea mpaka maji ya kunywa. Tusiwaongezee hatari kwa kuona uvivu wa kufunga klipu mbili.

Zile kofia za mpira, zivueni kwenye matope; mpira hauumi udongo. Ncha ya chuma kigumu ndiyo inayouma. Kofia ni za lami, za safarini, na za kulinda watu wengine. Kile kisahani kidogo cha plastiki juu ya ncha kiacheni mahali pake, ndicho kinachozuia fimbo isizame nusu kwenye tope la Uluguru. Mnaokwenda kwa ndege mpaka KIA, ziwekeni kwenye begi linalokwenda chini.

Nimalizie na nyumbani kwetu, maana Dar es Salaam inaua fimbo kuliko mlima. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Fimbo ikirudi na maji ndani, ukaifunga fupi na kuisimamisha nyuma ya kabati Kigamboni, baada ya miezi michache alumini inaota unga mweupe na vipande vinashikana. Kaka mmoja alileta ya kwake kwenye mkutano wetu ikiwa imeshikana hivyo. Fundi alikuwa ameipiga nyundo, bomba likabonyea, ikawa basi tena. Ukirudi safari, tenganisha vipande vyote, futa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, vianike kivulini mpaka vikauke ndani na nje, kisha vihifadhi vikiwa vimetengana au loki zikiwa wazi. Na tafadhali, msitie mafuta. Si ya cherehani, si ya gari, si ya nazi. Loki inashika kwa msuguano; ukiilainisha umeiambia iachie.

Sasa, nje ya mlango huu kuna ngazi zinazoteremka mpaka kwenye uwanja wa magari, na pembeni yake kuna mteremko wa nyasi. Nimeomba ruhusa, tumepewa mpaka saa sita. Waliokuja na fimbo zao, tuanze na jaribio la kuegemea, hasa ninyi wenye loki za kuzungusha. Ambao hawana, jozi za kikundi ziko mezani kwa katibu, mtagawana wawili wawili. Kalamu ya kudumu ninayo. Kila mtu aondoke na namba zake tatu zimeandikwa, kwa sababu mwezi ujao tunapanda treni ya Morogoro alfajiri, tunakwenda Bondwa, na safari hii nitawatazama wakati wa kushuka.